Mlinzi wa Damu: Je, Ni Haki Kumfunga Mikono?

Mtu akaaye Kanga, kaskazini ya kisiwa cha Mafia, haoni ajabu kuiona damu. Mkwezi hushuka mnazini mguu wake umechubuka; mvuvi hukatwa na chaza au na uzi wa mshipi; mtoto hujikata kwa kisu akimenya muhogo. Damu hutoka, watu huifunga kwa kitambaa, na baada ya kitambo kidogo hukoma. Hapana akaaye akalistaajabia jambo hilo. Twalijua kama tuujuavyo upepo wa kusi, ya kuwa huja kwa wakati wake. Lakini kama damu isingalikoma, kila mwiba ungalikuwa mauti, wala hapana mama ambaye angalithubutu kumtuma mwanawe kuni.

Jioni moja mzee jirani yangu aliniuliza neno ambalo sikuweza kulijibu papo hapo. Akasema, "Mwalimu, nilipoanguka mnazini zamani, damu iliyoganda ndiyo iliyoniponya. Sasa mwanangu aliyeko Dar es Salaam aniambia kwamba wako madaktari wenye dawa ya kuizuia damu isigande, na kwamba dawa hizo huwaokoa wenye ugonjwa wa moyo. Je, ni haki kumfunga mlinzi mikono ndani ya nyumba yake mwenyewe? Tena, ikiwa ni dawa njema, mbona sisi wa huku hatunayo?"

Nikamjibu, "Mzee wangu, nipe siku chache." Maana aliuliza maswali mawili, na la pili ni zito kuliko la kwanza. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kujibu upesi. Leo nataka kuyaandika yale niliyomjibu baadaye, ili nanyi myapime.

Kwanza tumjue mlinzi mwenyewe. Ndani ya damu mna chembe ndogo sana, ndogo kuliko zile chembe nyekundu, nazo huitwa chembe sahani. Katika kitone cha damu chenye ujazo wa milimita moja tu kila upande, mtu mzima mwenye afya huwa nazo kati ya 150,000 na 400,000. Haziishi sana, ila siku 8 hata 10, kisha nyingine hushika zamu. Mwitalia mmoja, Giulio Bizzozero, ndiye aliyeonyesha mwaka 1882 ya kuwa chembe hizi ndizo zinazotangulia kufika mahali mshipa ulipopasuka. Hushika jeraha, kisha hushikana zenyewe kwa zenyewe. Na juu ya kila chembe iko mikono midogo, maelfu kwa maelfu, ambayo wenye elimu huiita vipokezi. Chembe ikitulia, mikono hiyo imefumbwa. Jeraha likiiamsha, mikono hufumbuka na kushika uzi uliomo ndani ya damu uitwao fibrinojeni; chembe ya pili hushika ncha ya upande wa pili wa uzi ule ule; na hivyo zaziba ufa kama watu washikanao mikono kuuziba mwanya wa uzio.

Lakini mlinzi huyu hana macho. Katika mishipa ya ateri ya watu wengi, hasa wazee, wavutao tumbako, wenye kisukari na wenye shinikizo la damu, mafuta hujilimbikiza ndani ya ukuta wa mshipa miaka mingi pasipo mwenyewe kujua. Siku moja ukuta huo hupasuka kwa ndani. Chembe sahani hazijui kupambanua kati ya panga lililoukata mguu na ufa uliofanyika ndani ya moyo. Kwao yote ni jeraha. Hukimbilia, hushikana, huziba. Na kwa kuziba humwua yule zilizotaka kumponya, maana nyama ya moyo hukosa damu ikafa. Likiwa jambo hilo limetukia katika ubongo, twaliita kiharusi. Angalieni basi: hatuna damu mbili, moja ya kuponya na moja ya kuua. Nguvu ni ile ile, ila mahali si pale pale.

Sasa tuitazame dawa. Njia ya kumfunga mlinzi huyu mikono ilifunuliwa kwanza na wagonjwa. Mwaka 1918 daktari wa watoto wa Uswisi, Eduard Glanzmann, aliandika habari za watu wanaovuja damu ovyo, puani, katika ufizi, na kwa kila mchubuko, ingawa chembe sahani zao zatimia hesabu. Miaka mingi baadaye ilijulikana ya kuwa chembe za watu hao zimekosa ile mikono ya kushikania, au mikono yao haifanyi kazi. Mmarekani mmoja, daktari Barry Coller, aliyekuwa akiuchunguza ugonjwa huo, alifikiri hivi: ikiwa kukosa mikono hii kwamfanya mtu avuje damu, basi kuifunga kwa kitambo kwaweza kumlinda yule ambaye damu yake yaganda pasipotakiwa.

Chombo cha kuifungia kilikuwa kimekwisha kupatikana. Mwili wa mnyama ukiingiwa na kitu kigeni hutengeneza kingamwili, yaani askari wadogo ambao kila mmoja humjua adui wake mmoja tu. Mwaka 1975, huko Cambridge katika Uingereza, Georges Köhler na César Milstein walivumbua namna ya kuzifanya chembe za panya zitoe kingamwili ya aina moja bila kukoma. Kwa njia hiyo Coller alipata kingamwili iliyoijua mikono ya chembe sahani na kuishika, hata isiweze kushika uzi. Kwa kuwa mwili wa binadamu huyakataa mambo ya panya, sehemu kubwa ya kingamwili ile iliondolewa, ikatiwa ya kibinadamu mahali pake. Dawa iliyopatikana iliitwa abciximab, na serikali ya Marekani ilitoa ruhusa itumiwe mwishoni mwa mwaka 1994.

Hapa namwomba msomaji asimame kidogo. Elimu hii ilitoka kwa watu wanaovuja damu, nayo dawa iliyotokana nayo haikuwaponya wao. Wao walitoa mikono yao ichomwe sindano, damu yao ikachunguzwa, na faida ikawaendea watu wengine, wenye ugonjwa ulio kinyume cha ule wao. Hili si kosa la mtu. Lakini ni deni. Na mwenye kusahau deni lake huja akadhani kwamba mali yote aliyo nayo aliipata kwa jasho lake.

Turudi kwa swali la kwanza la mzee: je, ni haki? Kabla ya kuiruhusu dawa ile, madaktari wa Marekani waliijaribu kwa wagonjwa 2,099, ambao mishipa ya moyo wao ilipanuliwa kwa puto dogo lipitishwalo ndani ya mshipa. Wengine walipewa dawa, wengine maji yasiyo na dawa, wala wagonjwa wala madaktari wao hawakujua nani amepewa nini. Habari zake zilitangazwa mwaka 1994. Katika kila watu 100 wasiopewa dawa, karibu 13 walikufa, au walipata mshtuko wa moyo, au walilazimika kutengenezwa upesi mara ya pili, kabla ya siku 30 kwisha. Katika waliopewa dawa kwa ukamilifu, walikuwa 8. Lakini upande wa pili wa mizani ulikuwa na uzito wake: katika kila watu 100 wasiopewa, 7 walitokwa na damu nyingi, katika waliopewa, 14.

Basi pimeni. Watu wanne au watano waliepushwa na msiba wa moyo. Na watu saba zaidi walivuja damu. Wako watakaosema, "Yatosha, daktari asimdhuru mtu hata mmoja, na aiache damu kama ilivyoumbwa." Neno hilo lina heshima, lakini halikamiliki. Maana daktari asiyetenda neno naye amechagua, na wale watano ambao angaliweza kuwasaidia watalala kaburini au kitandani kwa sababu ya mikono yake aliyoikunja. Kuketi kimya mbele ya nyumba inayoungua si usafi wa moyo.

Wengine watasema kinyume: "Hesabu imekwisha kuamua. Kuvuja damu kwatibika kwa kuongezewa damu, lakini moyo uliokufa haufufuki. Kwa hiyo faida ni kubwa kuliko hasara, mpeni kila mtu." Hilo nalo lina ukweli, lakini lapita upesi juu ya jambo moja. Wale waliookolewa na wale waliovuja damu si watu wale wale. Huwezi kumwendea mwanamke aliyelala akitokwa na damu ukamwambia, "Tulia, mwenzako wa kitanda cha tatu amepona." Hesabu yaweza kumwambia daktari njia ipi ni bora kwa wengi, haiwezi kumpa ruhusa ya kumtumia mtu mmoja kama nauli ya mwingine. Ruhusa hiyo yaweza kutolewa na mgonjwa mwenyewe tu, naye sharti awe ameambiwa kweli yote: faida, hatari, na hesabu zake. Akikubali akijua, hatari ni yake, ameichukua kama mvuvi aichukuavyo hatari ya bahari. Akifichwa, amefanywa chombo, hata akipona.

Lakini lipo jibu la tatu, nalo ndilo linipendezalo kuliko yote, kwa kuwa halikutolewa kwa maneno bali kwa kazi. Madaktari wale hawakuridhika kusema, "Kila jema lina bei yake." Walirudi wakauliza damu hiyo yatoka wapi. Wakaona ya kuwa nyingi ilitoka pajani, mahali palipotobolewa ili kupitisha puto. Na kwamba wagonjwa walikuwa wamepewa pia dawa nyingine ya kuizuia damu, heparini, kwa kiasi kikubwa, pasipo kuangalia uzito wa kila mtu. Wakaipunguza heparini, wakaipima kwa uzito wa mgonjwa, wakaharakisha kuuondoa mrija pajani. Kisha wakajaribu tena kwa wagonjwa 2,792, na habari zikatangazwa mwaka 1997. Misiba ya moyo ilishuka kutoka karibu 12 katika 100 hata 5. Na kutokwa na damu nyingi, kwa wale waliopewa dawa pamoja na heparini kidogo, hakukuzidi kule kwa wasiopewa dawa. Ilikuwa 2 katika 100 kwa 3.

Jambo hili lanifundisha neno kubwa. Ile hasara ya kwanza, ambayo watu walikuwa tayari kuibishania kana kwamba ni amri ya maumbile, haikuwa ya lazima. Ilikuwa kosa la kiasi. Laiti wangalishika lile la kwanza, la kuiacha dawa, wagonjwa wengi wangalipotea; na laiti wangalishika lile la pili, la kuitukuza hesabu, wengi wangaliendelea kuvuja damu bure. Kwa hiyo namjibu mzee hivi: ni haki kumfunga mlinzi mikono kwa saa chache, ikiwa mwenye nyumba amekubali, ikiwa mwizi yumo ndani kweli, na ikiwa yule afungaye hachoki kutafuta kamba nyepesi zaidi. Usiliite jambo la lazima kabla hujajaribu kulipunguza.

Sasa swali la pili: mbona sisi hatunayo? Hapa tuseme kweli kuhusu mahali petu. Tuseme mzee wa Kanga ashikwa usiku na maumivu ya kifua, jasho jembamba lamtoka, mkono wa kushoto umekuwa mzito. Hospitali ya wilaya iko Kilindoni, kusini. Toka hapo hata Dar es Salaam kuna bahari ya kuvuka, kwa chombo hata Nyamisati kisha kwa gari, au kwa ndege kwa aliye na nauli. Dar es Salaam ndiko iliko Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015, ambako madaktari wa nchi yetu hupanua mishipa ya moyo. Tuseme mtu amletea mzee huyu, hapa kijijini, kichupa cha ile kingamwili, akamchoma sindano. Nani atapima damu yake? Nani ataona kama chembe sahani zimepungua ghafula, kama ilivyotukia kwa wengine waliopewa dawa ile? Akianza kuvuja, iko wapi akiba ya damu ya kumwongezea? Dawa iliyo rehema katika hospitali yenye vyombo vyote ingekuwa ukatili juu ya mkeka wa Kanga. Wahenga walisema, shoka lisilo mpini halichanji kuni. Wema wa dawa haukai ndani ya kichupa peke yake. Nusu yake hukaa katika mikono ya waitunzao na katika nyumba itumiwamo.

Lakini jihadharini na neno hili nililolisema, maana ni kisu chenye makali pande mbili. Mwenye choyo naye hulitumia. Mwaka 2001 Andrew Natsios, mkuu wa shirika la misaada la serikali ya Marekani, alidai ya kuwa dawa za UKIMWI hazingefaa kwa Waafrika wengi, kwa sababu eti hawajui kufuata saa. Baadaye dawa zililetwa, na ilipochunguzwa ikaonekana kwamba wagonjwa wa Afrika walizifuata dawa zao vema sawa na wale wa Marekani ya Kaskazini, hata kuwapita. Basi maneno ni yale yale: "Dawa hii haifai huko, kwa kuwa hapana vyombo." Akiyasema mmoja, ni huruma, akiyasema mwingine, ni mlango uliofungwa. Tutawapambanuaje?

Nimelifikiri sana, na alama niliyoipata ni hii. Mtu wa huruma akisema "bado," huchukua jembe: huuliza nini kimepungua, akaanza kukitengeneza, na kila mwaka "bado" yake yazidi kuwa fupi. Mtu wa choyo akisema "bado," huketi. Usiwasikilize maneno; watazame mikono. "Bado" isiyo na kazi ni "hapana" iliyovaa kanzu.

Na alama hiyo yatuhukumu sisi pia, si wageni tu. Maana twapenda kuitamani dawa iliyo ng'ambo, na iliyo karibu twaidharau. Usiache mbachao kwa msala upitao. Habari zilizotangazwa mwaka 1988, za wagonjwa 17,187 waliodhaniwa kuwa na mshtuko wa moyo, katika hospitali 417, zilionyesha ya kuwa kidonge cha aspirini kila siku kwa mwezi mmoja kilipunguza vifo vya moyo na mishipa kutoka karibu 12 katika kila watu 100 hata 9 na kitu. Aspirini nayo huituliza mikono ya chembe sahani, kwa njia nyingine, na bei yake ni ndogo mno. Hata hivyo nayo si peremende. Katika kiharusi, huenda mshipa umeziba au huenda umepasuka, na kwa macho tu hapana awezaye kujua. Mwenye mshipa uliopasuka akipewa aspirini aweza kuangamia kwayo. Kwa hiyo isitolewe kwa kubahatisha. Mwulizeni mganga wa zahanati, naye aseme.

Tena yako mengine yasiyohitaji kichupa wala puto. Kupima shinikizo la damu kabla halijauchosha mshipa. Kuiacha tumbako. Kutomficha mgonjwa siku mbili nyumbani ili kwanza ndugu wakutane washauriane, hali saa zapita na nyama ya moyo yafa. Na kujitolea damu: maana akiba ya damu, ambayo nilisema ni nusu ya wema wa dawa, haitengenezwi katika kiwanda cho chote duniani. Yatoka katika mikono ya watu kama sisi. Mzee akiuliza kwa nini hatuna dawa kubwa, sehemu ya jibu iko serikalini, na sehemu iko ng'ambo kwa wenye viwanda; lakini sehemu moja iko katika mishipa yetu wenyewe, nasi hatuna haki ya kuwalaumu wengine kwa choyo ikiwa twawanyima jirani zetu kibaba kimoja cha damu ambacho mwili utakirudisha bila kutudai.

Dawa ile ya abciximab siku hizi haiuzwi tena Marekani. Nafasi yake imeshikwa na vidonge vya kumeza na dawa nyingine. Ilikuja, ikaokoa wengi, ikapita, kama chombo kilichofikisha abiria kikapumzishwa ufukoni. Lakini maswali ya mzee hayakupita pamoja nayo, kwa kuwa kila dawa mpya itakayotua Kilindoni itayaleta tena.

Nilipokwisha kumweleza hayo yote, mzee alinyamaza kitambo, akiutazama mguu wake wenye kovu. Kisha akasema, "Basi, mwanangu, mlinzi si mbaya, na kamba si mbaya. Kinachotakiwa ni mtu mwenye kujua wakati." Nikamwambia, "Ndiyo, mzee. Na mwenye kukubali kusahihishwa." Akacheka, akaniuliza siku ya kutoa damu ni lini, maana yeye mwenyewe umri umempita, lakini anao wajukuu sita wenye nguvu, na kesho atawaambia.